Louis Renault, Mtu Aliyeuondoa Mnyororo Katika Gari

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama ni mtihani wa kila gari. Huanzia karibu na ziwa, mahali palipo mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, na baada ya kilomita 35 hivi za kona na miinuko humfikisha dereva penye ukungu na baridi, juu ya mita 2,200. Lori lililosheheni linapoupanda mlima huo, nguvu yote ya injini hupita katika chombo kimoja ambacho abiria hakioni na dereva mwenyewe hukikumbuka siku kinapoanza kulia. Chombo hicho ni ekseli ya nyuma, ambayo mafundi wa mji wetu, kwa kufuata Kifaransa, huiita ponti.

Askari dereva mwenye sikio zuri hutambua mlio wake. Huanza kama wimbo mwembamba gari linapovutwa na injini, hubadilika dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, na hatimaye huwa mngurumo usionyamaza. Hapo meno yameliwa au beringi zimechoka, na dawa yake ni kuishusha ponti nzima. Kazi hiyo hufanywa katika karakana za kambi na katika vibanda vya Buyenzi, na kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wamewahi kuifanya au kuisimamia, tungependa leo kuwasimulia maisha ya mtu ambaye bila yeye huenda tungali tukiendesha magari yanayovutwa kwa minyororo kama baiskeli. Lakini kwanza tukumbushane kazi yenyewe, maana asiyeijua hataona ukubwa wa jambo alilolifanya mtu huyo.

Gari husimamishwa mahali palipo sawa na pagumu, magurudumu ya mbele yakatiwa kabari pande zote mbili. Nati za magurudumu ya nyuma hulegezwa gari lingali chini. Kisha fremu huinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu, na atakayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake amejitafutia kifo. Oili ya ponti humwagwa chomboni, na fundi mwangalifu huitazama kwanza na kuichezea vidoleni: chembe za chuma zinazometa humwambia kilichotokea ndani kabla hajafungua kitu. Baada ya hapo hufungua kardani, ule mhimili unaotoka kwenye sanduku la gia. Kabla ya kutoa bolti zake nne yampasa kutia alama kwa patasi au kwa rangi, upande wa kardani na upande wa ponti, ili virudishwe vile vile vilivyokuwa. Wengi hudharau alama hiyo, kisha hushangaa gari likitetemeka likishika mwendo. Bomba la breki hufunguliwa na mdomo wake ukazibwa upesi, lisije likaingia vumbi; nyaya za breki ya mkono nazo huondolewa, pamoja na shokapu. Mwisho ponti yenyewe hushikwa na jeki, zile bolti kubwa zenye umbo la U zinazoibana kwenye springi hufunguliwa, na mzigo wote huteremshwa polepole na kuvutwa nje. Ya lori hainyanyuliwi na watu wawili.

Kuirudisha ni kufuata njia ile ile kinyumenyume, lakini hapo ndipo uzembe unapolipwa. Kichwa cha bolti ya katikati ya springi lazima kiingie barabara katika tundu lake; kisipoingia, ponti hukaa upande na gari huenda kama kaa. Zile bolti za U hukazwa kwa zamu, huyu na mwenzake wa mkabala, na hukazwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa umeshuka juu ya magurudumu. Breki hutolewa hewa. Oili hujazwa hadi kwenye kipimo chake, na kile kitundu kidogo cha kupumulia juu ya ponti husafishwa, kwa sababu kikiziba, joto husukuma oili ikapita kwenye sili na kumwagikia breki. Baada ya mwendo wa siku moja au mbili bolti zote hukazwa tena. Hayo ndiyo yote, na hakuna mahali tulipotaja mnyororo. Kisa chetu chaanzia hapo.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 gari la mota lilikuwa kitu cha kelele na mafuta machafu. Magari mengi yalipeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma kwa minyororo au mikanda ya ngozi. Mnyororo ulilegea, ukala vumbi na tope, ukakatika penye mlima. Watu walikuwa wamekwisha fikiri juu ya njia nyingine. Hata yale meno yanayoruhusu gurudumu moja kuzunguka kwa kasi kuliko lenzake kwenye kona yalibuniwa na Mfaransa aitwaye Pecqueur mnamo miaka ya 1820, kabla gari la petroli halijakuwako. Lakini kukusanya mambo hayo na kuyatia katika gari jepesi ambalo mtu wa kawaida aweza kuliendesha, hiyo ilikuwa kazi iliyomngojea mwenyewe.

Louis Renault alizaliwa Paris tarehe 12 Februari 1877, mtoto wa mwisho wa wanaume katika nyumba ya mfanyabiashara wa vitambaa na vifungo vya nguo. Shuleni hakung'ara. Darasa lilimchosha, vyuma vilimvuta, na inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana aliwahi kujificha katika behewa la makaa la garimoshi ili aone jinsi injini inavyofanya kazi. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya mapumziko huko Billancourt, nje kidogo ya Paris, na katika bustani ya nyumba hiyo kulikuwa na kibanda ambacho kijana alikigeuza kuwa karakana. Alilitumikia jeshi kama vijana wote wa nchi yake, kisha akarudi kibandani kwake.

Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 21, alichukua gari dogo la magurudumu matatu la kampuni ya De Dion-Bouton, akalivunja, akalijenga upya likiwa na magurudumu manne. Injini aliiweka mbele. Nyuma yake aliweka sanduku la gia tatu, na kutoka hapo akapitisha mhimili mmoja, yaani kardani, hadi kwenye meno ya ekseli ya nyuma. Mnyororo haukuwamo. Hata hivyo jambo lililomletea mali halikuwa kardani peke yake. Katika masanduku ya gia ya siku zile nguvu ililazimika kupita kila mara kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine, na kila palipokutana meno, sehemu ya nguvu ilipotea. Renault alipanga gia yake ya tatu hivi kwamba mhimili wa injini ulishikana moja kwa moja na mhimili wa kardani, pasipo meno katikati. Gari lilienda kimya na kwa wepesi ambao watu hawakuuzoea. Injini yake, isisahauliwe, haikufikisha hata nguvu za farasi 2.

Usiku wa kuamkia Krismasi, tarehe 24 Desemba 1898, alikutana na marafiki katika mtaa wa Montmartre. Walibishana kama kigari kile chaweza kupanda barabara ya Lepic, ambayo ni mlima mkali wenye mwinuko wa 13 katika 100. Dereva wetu anayeijua njia ya Bugarama atacheka, lakini kwa magari ya wakati ule ilikuwa kama ukuta. Kigari kikapanda. Kabla usiku haujaisha, watu 12 walikuwa wamekwisha agiza magari ya namna hiyo. Tarehe 9 Februari 1899 Louis aliandikisha hati ya uvumbuzi wake, na mwezi huo huo kaka zake wawili, Marcel na Fernand, wakafungua kampuni ya Ndugu Renault.

Hati ile ilikuwa silaha. Watengenezaji wengine waliuiga mtindo wake haraka, na Louis, aliyekuwa kijana mkaidi asiyesahau deni, aliwafuata mahakamani mmoja mmoja hata wakamlipa. Hatuoni haya kusema kwamba alipenda haki yake kuliko alivyopenda watu.

Wakati huo magari yaliuzwa kwa mashindano, na ndugu hao waliendesha wenyewe. Mnamo Mei 1903 palifanywa mashindano ya kutoka Paris hadi Madrid. Barabara zilijaa watazamaji wasiojua kasi ya gari, vumbi likafunika kona, na watu kadhaa wakafa, madereva na watazamaji. Serikali iliyasimamisha mashindano Bordeaux. Louis alikuwa miongoni mwa waliofika mbele kabisa, na hapo Bordeaux ndipo alipopata habari kwamba Marcel amepinduka njiani. Marcel alikufa kwa majeraha hayo. Louis hakushindana tena barabarani. Fernand naye alifariki mwaka 1909, na mtoto wa mwisho akabaki peke yake juu ya kiwanda kilichokuwa kikikua kila mwaka, hasa kutokana na teksi zilizoagizwa kwa mamia kwa ajili ya mji wa Paris.

Teksi hizo ndizo zilizoliingiza jina lake katika vitabu vya vita. Mwanzoni mwa Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamekaribia Paris. Jenerali Gallieni, aliyeulinda mji, alihitaji kupeleka askari haraka kwenye uwanja wa mapigano upande wa mto Marne, na reli hazikutosha. Akaamuru teksi zikusanywe. Ziliondoka teksi zipatazo 600, nyingi zikiwa ni Renault ndogo zenye mitungi miwili, kila moja ikichukua askari watano na bunduki zao, zikaenda usiku bila kuwasha taa, zikarudi kuchukua wengine. Askari waliobebwa walikuwa kiasi cha 5,000. Wataalamu wa vita wanakubaliana kwamba idadi hiyo haikutosha kuamua ushindi wa Marne, na tunawaunga mkono; mizinga na askari wa miguu ndio walioamua. Lakini makamanda wote waliona siku ile kwamba askari aweza kufika vitani bila kuchoka, na tangu hapo hakuna jeshi lililopanga safari zake pasipo kuhesabu magari. Ni vyema tukumbuke kwamba huku kwetu, Wabelgiji walipouingia mji huu mwezi Juni 1916, ukiitwa Usumbura, mizigo ya vita ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi, na wengi wao hawakurudi makwao.

Kiwanda cha Billancourt kikageuka kuwa ghala la vita: mizinga, injini za ndege, malori. Mwaka 1917 kikatoa kifaru kidogo kiitwacho FT. Jenerali Estienne alikuwa akitafuta kifaru chepesi, na Renault, ambaye hapo kwanza hakutaka kujiingiza katika kazi hiyo, alikubali na kuitia akili yake yote. Kilikuwa na uzito wa tani 6 na nusu hivi na watu wawili tu ndani. Dereva alikaa mbele, injini ikawa nyuma, na juu palikuwa na mnara wa bunduki uliozunguka pande zote. Askari wetu wa vifaru atazame chombo anachokipanda leo: mpangilio ndio ule ule. Vilitengenezwa zaidi ya 3,000, vikaingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 31 Mei 1918, na baada ya vita vilinunuliwa au kuigwa na nchi nyingi.

Louis Renault akatoka vitani akiwa tajiri mwenye nishani. Alioa mwaka 1918 na kupata mtoto mmoja wa kiume. Alinunua mashamba huko Herqueville, katika Normandy, na kukijaza kisiwa cha Seguin, katikati ya mto Seine, kwa kiwanda kikubwa kilichoanza kazi mwaka 1929. Alishindana kwa miaka mingi na André Citroën, aliyekuwa kinyume chake kwa kila jambo: yule msemaji, mpenda matangazo na mikopo, huyu mkimya, mwenye haya, asiyetaka deni la benki. Citroën alifilisika mwaka 1934.

Kwa wafanyakazi wake hakuwa bwana mwema. Mapema sana alileta saa ya kupima kila tendo la mikono yao, na mwishoni mwa 1912 na mwanzoni mwa 1913 waligoma kwa sababu ya saa hiyo. Mwaka 1936 waligoma tena pamoja na Ufaransa nzima. Tarehe 24 Novemba 1938 walikikalia kiwanda, na polisi wakaletwa kuwatoa kwa mabomu ya machozi. Wengi walikamatwa, na wengine wengi zaidi wakafukuzwa kazi. Hayo hayakusahauliwa na waliofukuzwa.

Tunafika sasa kwenye sehemu ambayo ingekuwa rahisi kuiruka. Renault aliiogopa vita ya pili. Alikutana na Hitler mwaka 1935, na kwenye maonyesho ya magari ya Berlin walionana tena. Aliamini kwamba watu wa viwanda wanaweza kuelewana pale wanasiasa wanaposhindwa. Mwaka 1940, Ufaransa ilipokuwa ikianguka, yeye alikuwa Marekani, ametumwa na serikali kutafuta vifaru. Aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha salimu amri na wasimamizi wa Kijerumani kutoka Daimler-Benz walikuwa ndani ya kiwanda chake. Angeweza kujiuzulu. Hakujiuzulu. Kwa miaka minne Billancourt ikatengeneza malori kwa maelfu kwa ajili ya jeshi la Ujerumani, na malori hayo yalikuwa na ponti na kardani za mtindo aliouanzisha kibandani. Usiku wa tarehe 3 Machi 1942 ndege za Waingereza zilikishambulia kiwanda kwa mabomu. Mamia ya raia waliokaa karibu walikufa. Kiwanda kikajengwa upya, kikaendelea.

Waliomtetea walisema kwamba asingefanya hivyo, Wajerumani wangezihamisha mashine na wafanyakazi hadi Ujerumani. Waliomlaumu walisema kwamba kila lori lililotoka lilibeba adui. Sisi, tukiwaandikia watu wa silaha, twaona lawama hiyo ina uzito. Mtu aliyekuwa mmiliki wa kila kitu hawezi kudai kwamba hakuwa na la kufanya. Lakini yafaa pia kujua kwamba miaka hiyo alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uliomnyima maneno; alishindwa kusema sawasawa na hata kuandika, na aliwaachia wengine mengi.

Paris ilikombolewa Agosti 1944. Tarehe 23 Septemba Louis Renault alikamatwa kwa shtaka la kushirikiana na adui, akafungwa katika gereza la Fresnes. Hakuwa na uwezo wa kujieleza mbele ya hakimu. Hali yake ikazidi kuwa mbaya, akahamishiwa hospitali, kisha hospitali nyingine, na tarehe 24 Oktoba 1944 akafa, umri wake miaka 67. Kesi ilikuwa haijasikilizwa. Mkewe alidai kwamba alipigwa gerezani. Madaktari waliandika kwamba alikufa kwa ugonjwa. Mwaka 1956 maiti yake ilifukuliwa ili ichunguzwe, na hata hivyo hakuna aliyetiwa hatiani. Katika jambo hili msimamo wetu ni thabiti: mahabusu ni amana ya askari anayemlinda, awe msaliti au asiwe, na amana hiyo ilipotea kabla ya hukumu. Walioumizwa na Renault, wakiwamo wale wafanyakazi wa 1938, nao walinyimwa siku ya kumsikia akijibu.

Tarehe 16 Januari 1945 serikali ya Jenerali de Gaulle ilitoa amri ya kukitaifisha kiwanda. Mkuu wake mpya alikuwa Pierre Lefaucheux, aliyepigana katika harakati za siri dhidi ya Wajerumani. Viwanda vingine vilivyowafanyia kazi Wajerumani havikuchukuliwa kwa namna hiyo, na jambo hilo liliwauma sana jamaa zake. Kampuni ilibaki mikononi mwa dola hadi 1996, hisa nyingi zilipouzwa kwa watu binafsi. Mwaka 2011 wajukuu wa Louis Renault walikwenda mahakamani Paris wakitaka amri ile ya 1945 itazamwe upya, na mwaka 2012 majaji wakajibu kwamba shauri hilo halikuwa katika uwezo wa mahakama yao. Mzee mwenyewe amezikwa Herqueville, kati ya mashamba yake. Kibanda cha Billancourt alichojengea kigari cha kwanza kilihifadhiwa baada ya kifo chake.